Maporomoko Yaliyowekwa Rehani

Umeme ukikatika Kansanga, jijini Kampala, saa mbili usiku, barabara ya Ggaba haizimiki yote. Jenereta zinaanza kunguruma madukani, na muuza rolex anaendelea kugeuza chapati na mayai juu ya sigiri ya makaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi wanaosubiri mlo wana dawa tayari: mabwawa yaongezwe, watu wa mazingira wapunguze maneno. Umeme wa maji ni safi, hauna moshi, na mto hauishi.

Lakini bwawa la Karuma limeongeza megawati 600 tangu 2024, na Uganda sasa ina uwezo wa kuzalisha umeme mwingi kuliko inaoutumia. Giza la Kansanga, mara nyingi, ni la waya na transfoma.

Na hilo la mto kutoisha? Bwawa la Owen Falls pale Jinja, leo Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Kwa makubaliano na Misri, yalipaswa kupita maji kiasi kile ambacho ziwa lingetoa lenyewe bila bwawa. Hiyo ilikuwa kanuni ya mazingira kabla neno halijazoeleka, ingawa aliyelindwa alikuwa mkulima wa Misri, si sangara wala sato. Baadaye kikaongezwa kituo cha Kiira, ubavuni. Mwaka 2004 na 2005 mvua ikapungua, maji yakaachiwa kupita kipimo ili mashine zizunguke. Mhaidrolojia Daniel Kull alikadiria kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa Ziwa Viktoria miaka hiyo kulitokana na milango ya Jinja, siyo ukame. Ni ziwa hilo hilo linalojaza mabomba ya Kansanga kupitia mitambo ya Ggaba. Na mgao wa umeme ulikuja vilevile.

Norway hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwenye maji, lakini tangu 1973 Bunge lake limekuwa likiorodhesha mito isiyoruhusiwa kuwekewa mitambo. Haijalala gizani. Tanzania ilichelewa kwenye bwawa la umeme la Kihansi: chura wa pale aligunduliwa 1996, mradi ukiwa umeshaanza, na kufikia 2009 alitangazwa kutoweka porini, huku mabomba yakinyunyizia korongo ukungu wa bandia.

Kinachoudhi zaidi ni Kalagala. Ili bwawa la Bujagali lijengwe na kuzamisha maporomoko ambayo Wasoga wanayajua kuwa makao ya roho Budhagaali, serikali ya Uganda iliiahidi Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, upande wa chini wa mto huo huo wa Nile, hayatatumika kuzalisha umeme, yawe fidia ya yale yaliyozama. Bujagali ikawaka 2012. Kisha likaja Isimba, megawati 183, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, ambayo haikuwa imetia sahihi ahadi yoyote, na maji ya bwawa lake yalitarajiwa kupanda hadi ndani ya eneo lile lile la fidia. Mwaka 2018, Isimba ikikaribia kukamilika, mkataba wa Kalagala ukaandikwa upya.