Nyumba ya Udongo si Nyumba ya Muda

Hivi majuzi alinijia rafiki yangu wa tangu utotoni, mwalimu wa shule ya msingi anayekaribia kustaafu, akiwa na fomu za mkopo mkononi. Alitaka kujenga shambani kwake kile alichokiita "nyumba ya kudumu". Nilipomuuliza kwa nini asiutumie udongo wa shamba lake mwenyewe, alicheka. "Daktari, nistaafu nirudi kwenye nyumba ya muda?"

Mimi kazi yangu ni maneno, na jibu hilo lilinikera. Hapa kwetu, nyumba ya mawe huitwa ya kudumu hata kabla haijaezekwa, na ya udongo huitwa ya muda hata ikiwa imelea vizazi viwili. Jina limegeuka hukumu. Ilhali kule Shibam, nchini Yemeni, yapo majumba ya matofali ya udongo yanayofikia ghorofa saba, katika mji uliojengwa tangu karne ya 16.

Sikatai kwamba nyumba nyingi za udongo zimebomoka. Lakini mkosaji si udongo, bali ni maji na mchwa, wakisaidiwa na uzembe wetu. Tunakandika ukuta kuanzia ardhini, tunazika nguzo mbichi, kisha tunaezeka paa lenye upenu mfupi. Mvua ikishauramba ukuta, tunaulaumu udongo! Ukuta uinuliwe juu ya msingi wa mawe, upenu utokeze vya kutosha, na maji ya paa yaelekezwe kwenye tangi.

Udongo nao una elimu yake, na wanafunzi waweza kuupima darasani. Chimba chini ya ule mweusi wa juu unaofaa mimea. Tia kiasi katika chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, kisha uache hadi kesho yake. Mchanga hutangulia kutua, na mfinyanzi hukaa juu. Mfinyanzi ukizidi, ukuta hupasuka, ukipungua, haushikamani. Dawa ya nyufa ni kuongeza mchanga na majani makavu.

Anayedhani haya ni mambo ya kale na atazame kijiji cha Gando, Burkina Faso. Mwaka wa 2001, msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa hapo, alikamilisha shule aliyoijenga pamoja na wanakijiji kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa la mabati aliliinua juu ya dari ili hewa ipite na joto litoke. Mwaka wa 2022 alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kuu ya wasanifu majengo duniani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naamini methali hiyo haikutungwa na watu waliodharau kuta zao. Walijua kwamba kudumu hakutoki dukani. Hutokana na matunzo ya kila mwaka.

Rafiki yangu bado hajatia sahihi. Ninachomwomba, yeye na walimu wenzake, ni kwamba wasiwafundishe watoto kuyaonea haya makao ya wazazi wao. Deni litakalokula kiinua mgongo chote ndilo tunalopaswa kuliogopa, wala si udongo.