Sekunde Moja Ina Watu Wengi

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaoandika programu za kozi na za vilabu vyetu, leo tuongee kuhusu sekunde. Wengi wetu tukitunza muda kwenye kanzidata tunaishia hapo. Mimi nasema haitoshi.

Sisi wa Chang'ombe tuna majirani wawili, Uwanja wa Uhuru na ule wa Benjamin Mkapa, kwa hiyo mfano wa riadha hautatushinda. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand akamfuata kwa 3:32.52. Kata desimali uone: wote wawili wana 3:32. Ushindi wa Mtanzania umeyeyuka kwa mstari mmoja wa programu!

Sasa tuje kwetu. Tuseme maombi ya vitanda vya hosteli yanafunguliwa saa mbili kamili asubuhi, watu kibao wanabonyeza ndani ya sekunde ileile. Mfumo unaotunza sekunde tu utawapangaje? Itabidi ushike kitu kingine ambacho hakikutangazwa, labda alfabeti. Hapo Abdallah ana kitanda kila mwaka, Zuwena anahangaika na mabegi, na tangazo bado linasema anayewahi ndiye anayepata.

Zana zipo. Date ya JavaScript inahesabu milisekunde tangu Januari 1, 1970. Datetime ya Python inafika mikrosekunde. Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, inaweza kutunza nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ila tusitunze muda kwa namba za floti: anza na sifuri, ongeza 0.1 mara kumi, mojamoja, Python itakupa 0.9999999999999999. Tumia namba nzima. Nanosekunde kwenye biti 64 zinatufikisha mwaka 2262, kwa hiyo nafasi si kisingizio.

Lakini tusidanganyane. Tarakimu tisa haziifanyi saa iwe sahihi. Kidole cha mwamuzi kwenye saa ya mkononi hakijui milisekunde, na mwenye intaneti ya kasi huenda alibonyeza nyuma ya mwenye simu ya kuungaunga.

Basi tutunze muda mdogo kadiri saa inavyopima kweli, tuandike wazi kipimo tulichotumia, na tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, bahati nasibu ichezeshwe mbele ya watu. Kitanda kisiamuliwe na herufi ya kwanza ya jina.