SAA YA NDOANA NA SAA YA WAVU
Shauri kwa wakulima wenye mabwawa ya samaki



Katika safari zetu za kukagua mashamba, sisi walimu wa kilimo huulizwa mara nyingi swali hili: "Je, saa gani ya siku yafaa kuvua samaki?" Swali ni jema, na aliulizaye hutazamia kujibiwa kwa neno moja. Lakini neno moja halitoshi, kwa kuwa kuvua kwa ndoana ni kazi moja, na kuvua kwa wavu ni kazi nyingine, na kila kazi ina saa yake. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza pamoja na sababu zake, ni haya: mwenye ndoana na aende bwawani jua likiwa limekwisha kuyapasha maji moto, mwenye wavu na awe amemaliza kazi yake kabla ya saa 3 asubuhi. Wengi wetu hukosea katika jambo la pili, wakavuta wavu saa za jua kali, nao hupata hasara mbili, hasara ya fedha na hasara ya afya.

Tuanze na ndoana. Samaki hawezi kunaswa kwa ndoana ila awe anatafuta chakula. Perege, na jamaa yake sato, hula mchana na kutulia usiku. Tena hupenda maji ya vuguvugu. Joto limpendezalo ni kama nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi. Likishuka chini ya nyuzi 20, hamu yake ya chakula hupungua sana, na likifika nyuzi 16 karibu ataacha kula kabisa. Basi mtu akaaye katika nchi ya milima, akitupa ndoana yake alfajiri wakati umande ungali majanini, ataketi ukingoni akitetemeka bure, na nyungunyungu wake atabaki mzima katika ndoana. Na angoje hata saa 4, jua likiisha kuingia majini. Tangu saa hiyo mpaka saa 10 alasiri perege atakula vizuri, na donge dogo la ugali latosha kumvuta.

Kambare ana desturi nyingine. Yeye hutembea usiku, akitafuta chakula chake gizani kwa kupapasa kwa sharubu zake. Mwenye kumtaka kambare na atege ndoana jua linapotua, akaitazame mapema asubuhi. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria nao wana saa yao: hungoja usiku usio na mbalamwezi, wakawasha taa juu ya maji, na dagaa huukusanyikia mwanga. Hata wavuvi wa Galilaya, tuwasomao katika Injili, walikuwa wakikesha na nyavu zao, na katika ziwa lile wamo hata leo samaki walio jamaa ya perege wetu. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa iko saa moja iliyowekwa kwa samaki wote. Mvuvi mwenye akili humwuliza kwanza samaki mwenyewe: wala lini?

Sasa tuje kwenye wavu, kwani ndiyo habari kubwa ya shauri hili. Wavu haumngoji samaki aone njaa. Humkusanya aliyeshiba na mwenye njaa, aliye macho na aliyetulia. Kwa hiyo, mtu avutaye wavu hana haja ya kufuata saa ya kula ya samaki. Yampasa afuate saa ya mtu atakayemla samaki huyo. Hapa ndipo wengi hukosea. Wameona kwa macho yao ya kuwa perege huruka na kucheza juu ya maji wakati wa adhuhuri, nao husema, "Hii ndiyo saa yao," wakauleta wavu. Kumbe saa iliyo njema kwa ndoana ni saa mbaya kwa wavu.

Sababu ya kwanza ni nyama ya samaki yenyewe. Samaki huanza kuharibika mara tu afapo, na joto huuharakisha uharibifu huo. Samaki aliyelazwa katika barafu huweza kukaa hata majuma mawili akafaa kuliwa. Lakini samaki yule yule akivuliwa adhuhuri na kuachwa juani, jioni hiyo hiyo atakuwa na harufu. Nilipata kumwona mkulima mmoja aliyevuta wavu saa 7 mchana. Samaki wake walikuwa wazuri, wanene, wa kumpendeza mtu yeyote. Akawatia katika matenga makavu, na watu wa nyumbani mwake wakayachukua kichwani kwenda soko lililokuwa mwendo wa saa mbili. Walipofika, matamvua yaliyokuwa mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo, na macho yamedidimia. Wanunuzi wakainua mashavu ya samaki, wakatazama, wakatoa nusu ya bei. Miezi 6 ya kulisha, kupalilia kingo na kuchukua samadi ilipotea kwa mwendo wa mchana mmoja. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote huoza. Na katika tenga lililofunikwa vibaya maneno hayo ni ya kweli hasa, wala si fumbo tu.

Sababu ya pili ni afya ya mvutaji. Maradhi ya kichocho twayajua sote. Huletwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Wataalamu wamechunguza na kuona kwamba vijidudu hivi havitoki kwa kiasi kimoja siku nzima. Hutoka kwa wingi jua linapopanda, na hasa karibu na saa 6 mchana. Tena vikimpata mtu majini havihitaji muda mrefu. Katika dakika chache huwa vimekwisha kuingia. Basi mtu aingiaye bwawani adhuhuri, maji yakimfika kiunoni, akavuta wavu kwa saa nzima, amechagua saa ya hatari kuliko zote. Na mara nyingi huwaita watoto wamsaidie kuwatisha samaki waende upande wa wavu! Mtoto atarudi nyumbani na samaki mkononi, na baada ya majuma kadhaa aanze kukojoa damu.

Sisemi kwamba maji ya asubuhi hayana hatari kabisa. Vijidudu vilivyotoka jana huweza kuwa vingali hai. Lakini hatari ya asubuhi ni ndogo kuliko ile ya adhuhuri, na mwenye busara huchagua iliyo ndogo. Pamoja na hayo, na afyeke majani ya kingoni na kung'oa magugu ya majini, kwa maana ndimo wakaamo konokono. Wala mtu yeyote asijisaidie karibu na bwawa au karibu na mfereji uletao maji. Na wale wanaoingia majini kila mara waende zahanati wakapimwe, kwani dawa ya kichocho ipo, nayo huponya.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo lazima tulitazame kwa uangalifu, maana asiyelijua aweza kufuata shauri langu la asubuhi akaua samaki wake. Samaki huvuta hewa iliyomo majini, iitwayo oksijeni. Mchana, mimea midogo sana inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa hewa hiyo kwa nguvu ya jua. Usiku mimea hiyo haitoi, bali yenyewe nayo huitumia pamoja na samaki na vitu vyote violeavyo na kuoza chini. Kwa hiyo kabla tu ya mapambazuko ndipo hewa inapokuwa haba kuliko saa nyingine zote. Ukifika bwawani alfajiri ukawaona samaki wamepanda juu, vinywa wazi, wakitweta, ujue ya kuwa wanakosa hewa. Saa hiyo usiguse wavu. Ukiyatibua matope chini, wale watakaobaki watakufa. Fungulia maji mapya yaingie, ungoje jua lipande, tena siku chache zinazofuata upunguze samadi na chakula.

Kwa sababu hiyo nagawa saa za wavu namna mbili. Mkulima atakaye kuwatoa samaki wote na kulikausha bwawa, na aanze kupunguza maji usiku, akiweka wavu mdogo wa kuziba mdomo wa bomba ili samaki wasitoroke; mapambazuko yamkute maji yamebaki kidogo, naye awatoe upesi kungali na ubaridi. Mkulima atakaye kuwatoa baadhi tu, na kuwaacha wengine wakue, asianze gizani. Na aanze kama saa 1 asubuhi, jua likiwa limeanza kuangaza maji, avute mara moja au mbili, akome kabla ya saa 3.

Najua watakaonipinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Wa kwanza husema: "Asubuhi ni saa ya jembe. Siwezi kuiacha mihogo kwa ajili ya samaki." Namjibu kwamba wavu hauvutwi kila siku. Perege huchukua kama miezi 6 hata kufikia ukubwa wa kuuzwa, na asubuhi moja au chache katika muda huo hazitalifanya shamba kuwa pori.

Wa pili husema: "Wanunuzi wangu hurudi kutoka kazini jioni, nikivua asubuhi nitamwuzia nani?" Neno hili lina uzito zaidi. Ikiwa wanunuzi wako ni majirani, na wanahitaji samaki wachache tu wa kitoweo, basi usivute wavu. Tumia ndoana alasiri, ukawape wangali wanarukaruka. Hiyo ndiyo saa ya ndoana, na hakuna aingiaye majini. Lakini ikiwa una matenga ya kuuza, wapashe habari wanunuzi siku mbili kabla, waje asubuhi bwawani kwako, au uwapeleke sokoni mapema. Na watakaobaki, wapae magamba, watoe matumbo, uwabanike juu ya moshi siku hiyo hiyo. Samaki aliyebanikwa vema haogopi jioni.

Wa tatu husema: "Babu zetu walivua saa yoyote na hawakufa." Naam, lakini babu zetu walivua mitoni na ziwani, wakapika pale pale, wakala. Bwawa la shambani ni kitu kigeni kwetu. Huko Kenya majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1924, na huku Tanganyika yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Jambo lililoingia juzi halina desturi ya wazee ya kuliongoza; sisi wenyewe ndio wa kuiweka desturi hiyo. Basi tuiweke iliyo njema, watoto wetu waikute.

Sasa nataja kwa ufupi kazi za siku ya wavu, ili asiyekumbuka mengine akumbuke haya. Siku moja kabla, usiwape samaki chakula wala usitie samadi. Samaki mwenye tumbo tupu hukawia kuoza. Jioni, tayarisha wavu, matenga, majani ya mgomba na magunia yaliyoloweshwa. Asubuhi, kabla ya kuingia, tazama kwanza kama samaki wanatweta. Vuta polepole, bila kelele na bila kutibua matope. Wadogo warudishe majini upesi kwa mikono iliyolowa. Wakubwa waoshe kwa maji safi, uwapange katika matenga kwa tabaka, majani mabichi katikati na gunia bichi juu, uwaweke kivulini. Barafu ikipatikana, itumie. Haikosi kulipa gharama yake. Mvutaji akitoka majini ajifute mwili mara moja kwa kitambaa kikavu, asiache maji yakaukie mwilini. Saa 3 ikifika, kazi ya majini iwe imekwisha.

Ndugu zangu, kuchimba bwawa ni kazi ya jasho, na hakuna kati yenu asiyeyakumbuka malengelenge ya mikono yake. Kulisha na kutunza ni kazi ya subira. Baada ya jasho hilo na subira hiyo, ni aibu mali yote iharibike kwa kuchagua vibaya saa mbili tu za siku moja. Kuamka mapema hakuhitaji fedha, wala hakuhitaji ruhusa ya mtu. Shime, basi: alasiri mwachieni mtoto aketi na ndoana yake kivulini ukingoni, lakini siku ya wavu, jogoo akiwika mara ya pili, mwenye bwawa awe amekwisha kuvaa.