Mshipa Upi? Kiswahili na Picha za Ateri za Watoto

Mzazi anapoambiwa kwamba mshipa wa mtoto wake una kasoro, ameelezwa nini? Katika Kiswahili, mshipa ni njia ya damu, ni neva, na pia ni ugonjwa wa ngiri. Makala haya yanashikilia kwamba utata huu si suala la wanaleksikografia pekee. Unaweza kugusa uhai.

Tuchukue mfano wa sindromu ya Williams, ugonjwa adimu wa kijenetiki ulioelezwa na J.C.P. Williams na wenzake nchini New Zealand mwaka wa 1961. Kipande kidogo cha kromosomu ya 7 hukosekana, na pamoja nacho jeni ya elastini, protini inayozipa ateri uwezo wa kunyumbuka. Kuta za ateri hunenepa na njia ya damu hufinyika, hasa katika aota, juu kidogo ya vali yake. Ateri za mapafu, za figo na hata zinazoulisha moyo wenyewe huweza kuathirika.

Kasoro hizi hutambuliwa kwa picha. Ekokadiografia hutumia mawimbi ya sauti, haina mnururisho, na mara nyingi mtoto hupimwa akiwa macho. Hata hivyo, haionyeshi vyema ateri zilizo mbali na moyo. Hapo ndipo huhitajika picha ya CT au MRI. Mtoto mdogo hatulii ndani ya mashine, hivyo huenda akalazwa kwa dawa. Kwa watoto hawa, nusukaputi ina hatari ya pekee: moyo unaweza kusimama. Mzazi anaombwa kukubali si picha tu, bali na hatari hiyo.

Je, anakubali kwa lugha ipi? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Wapo watakaodai kwamba istilahi za Kiingereza zinawatosha madaktari. Ni kweli, lakini sahihi iliyo kwenye fomu ni ya mzazi. Wengine watasema ateri ni neno geni. Naam, ila neno geni likifafanuliwa mara moja ni bora kuliko la asili linalopotosha.

Kwa hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tusikomee kuhakiki riwaya na mashairi. Tushirikiane na wenzetu wa kitivo cha tiba, tuandae maelezo ya ukurasa mmoja, kisha tuyajaribu kwa wazazi wenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini mzazi atauliza vipi ikiwa hana neno?