Soko la Pikapu Halijipangi Lenyewe

Kuna gari moja ambalo mkulima wa Thailand, mfugaji wa Australia, fundi ujenzi wa Durban na bwana shamba wa Iringa wote hulitambua kwa mbali. Nalo ni pikapu ya wastani: ndogo kuliko lori, imara kuliko gari la abiria, na yenye uwezo wa kubeba mzigo wa karibu tani moja. Ni chombo cha kazi. Hubeba mbolea, nguzo, dawa, vitabu na watu, na barabara ya udongo haikitishi.

Hata hivyo chombo hicho hakina soko moja duniani. Toyota Hilux, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968 na ambayo leo inauzwa katika nchi zaidi ya 170, haiuzwi Marekani, nchi inayonunua pikapu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Huko Australia ndiyo iliyoongoza magari yote kwa mauzo kila mwaka tangu 2016 hadi 2022. Katika miji ya Ulaya huonekana kwa nadra. Na Japani kwenyewe ilikozaliwa, iliondolewa sokoni mwaka 2004, ikarudi mwaka 2017 ikiwa imetengenezwa Thailand.

Wako watakaosema kwamba sababu ni ladha tu: Mmarekani anapenda kikubwa, Mjapani anapenda kidogo, na Mzungu wa Ulaya hapendi kabisa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Kabla mnunuzi hajaingia dukani kuchagua, wengine wamekwisha kumchagulia. Forodha imekwisha kuamua gari gani liingie nchini, jedwali la kodi limekwisha kuamua bei, na sheria za barabara zimekwisha kuamua lipite wapi. Ladha hufuata nyuma ya hayo, na baada ya miaka mingi watu husahau kwamba iliwahi kuwa na mwanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marekani, na chanzo chake ni kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wafugaji wakubwa wa Marekani walikuwa wakiuza kuku kwa bei nafuu sana katika Ulaya ya Magharibi, hasa Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa huko walilalamika, na mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zikapandisha ushuru wa kuku hao. Mazungumzo yaliposhindikana, Rais Lyndon Johnson alilipiza kisasi mwezi Desemba 1963. Alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Shabaha katika magari ilikuwa Volkswagen ya Ujerumani Magharibi.

Ugomvi wa kuku ulipoa. Ushuru wa bidhaa zile nyingine uliondolewa baadaye. Ushuru wa magari madogo ya mizigo ulibaki, nao umedumu zaidi ya miaka 60, wakati magari ya abiria kutoka nje yalitozwa asilimia 2.5 tu kwa miaka mingi. Kilichokuwa kipigo cha muda dhidi ya Mjerumani kikawa ukuta wa kudumu dhidi ya Mjapani, ambaye katika ugomvi ule hakuwamo.

Wafanyabiashara walitafuta matundu katika ukuta huo. Kwa miaka kadhaa pikapu za Japani ziliingizwa Marekani bila bodi la nyuma, kwa sababu gari lisilo na bodi lilitozwa ushuru mdogo. Bodi likafungwa baada ya kutoka bandarini. Mwaka 1980 serikali ya Marekani iliziba tundu hilo. Kampuni ya Subaru nayo ilifunga viti viwili vya plastiki katika bodi la pikapu yake iliyoitwa BRAT, ili forodha ilihesabu kuwa gari la abiria. Viti hivyo havikuwekwa kwa ajili ya raha ya mtu yeyote. Viliwekwa kwa ajili ya karani wa forodha.

Mwisho wake ni kwamba aliyetaka kuuza pikapu Marekani alilazimika kuitengeneza huko huko, au katika nchi jirani baada ya mkataba wa biashara huria wa Amerika ya Kaskazini kuanza mwaka 1994. Mwaka 1995 Toyota ilileta pikapu ya pekee kwa ajili ya soko hilo, Tacoma, ambayo leo hutengenezwa Meksiko. Tacoma na Hilux ni ndugu waliolelewa katika nyumba mbili. Tacoma hutumia petroli, imepangwa kwa starehe ya barabara ya lami na safari za mapumziko, na kwa kawaida hubeba mzigo mdogo kuliko Hilux. Hilux kwa sehemu kubwa hutumia dizeli, na springi zake za nyuma ni za kubebea mzigo.

Si haki kuutwika ushuru huo lawama yote. Barabara za Marekani ni pana, petroli yake ni nafuu kuliko ya Ulaya, na pikapu kubwa za Ford zimeongoza kwa mauzo katika aina yake tangu mwaka 1977. Kanuni za matumizi ya mafuta nazo zilikuja kupimwa kwa nafasi iliyo kati ya magurudumu manne, kiasi kwamba gari pana liliwekewa sharti jepesi kuliko gari jembamba. Kwa hiyo pikapu ya wastani ilibanwa pande zote mbili. Ford yenyewe, ambayo ni kampuni ya Kimarekani, iliacha kutengeneza Ranger nchini mwake mwaka 2011, wakati ule ule Ranger mpya iliyosanifiwa Australia ilipoanza kuuzwa kwingineko duniani. Wamarekani walikaa bila gari hilo hadi mwaka 2019, lilipoanza kuuzwa huko likiwa limetengenezwa Michigan.

Thailand ilitumia silaha hiyo hiyo ya kodi, lakini kwa shabaha nyingine. Katika nchi ya wakulima wengi, gari linalofaa ni lile linalobeba mpunga siku ya kazi na kubeba jamaa siku ya sikukuu. Kwa hiyo pikapu ilitozwa kodi ndogo sana ikilinganishwa na gari la abiria. Wakati huo huo makampuni ya kigeni yalitakiwa kutumia vipuri vilivyotengenezwa nchini, kwa kiwango kilichoongezwa hatua kwa hatua. Sharti hilo lilifutwa mwaka 2000, kufuatana na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, na kufikia hapo viwanda vya vipuri vilikuwa vimekwisha kusimama.

Sarafu ya Thailand ilipoanguka mwaka 1997, viwanda hivyo viligeukia masoko ya nje. Mwaka 2004 Toyota iliyafanya mataifa manne, yaani Thailand, Indonesia, Afrika ya Kusini na Argentina, kuwa vituo vya kutengeneza Hilux na magari yanayofanana nayo kwa ajili ya dunia. Leo Thailand ni mojawapo ya makao makuu ya pikapu za tani moja. Njia hiyo nayo ina hatari yake: mabenki yalipobana mikopo mwaka 2023 na 2024 kwa sababu ya madeni ya kaya, mauzo ya pikapu nchini humo yalishuka sana, na viwanda vikaumia. Lakini viwanda vipo, na ufundi umebaki mikononi mwa wananchi.

Australia inaonyesha upande wa tatu. Mkataba wake wa biashara na Thailand, ulioanza mwaka 2005, uliondoa ushuru wa pikapu zitokazo huko. Aidha, kanuni za kodi zilimpa nafuu mwajiri anayempa mfanyakazi gari lenye uwezo wa kubeba tani moja, kwa masharti kwamba matumizi yake ya binafsi yawe madogo. Pikapu ya milango minne, yenye viti vya watu watano, ikawa gari la shamba, la kazi na la familia kwa pamoja. Viwanda vya magari vya Australia kwenyewe vilikuwa vinazimika, na vya mwisho vilifungwa mwaka 2017. Nchi hiyo ilipata pikapu nzuri ikabaki bila kiwanda.

Kwingineko hadithi ni hiyo hiyo kwa sura tofauti. Brazili ilikataza dizeli katika magari madogo ya abiria mwaka 1976, baada ya mafuta kupanda bei, lakini magari yenye uwezo wa kubeba tani moja yaliruhusiwa kuitumia. Ndiyo maana huko pikapu ya wastani na dizeli huenda pamoja. China kwa miaka mingi ilizihesabu pikapu kuwa malori na kuzizuia kuingia katikati ya miji mingi. Mwaka 2016 ndipo majimbo machache, kama Hebei na Yunnan, yalipoanza kulegeza masharti kwa majaribio. Huko Ulaya, ambako mitaa ni myembamba na mvua ni nyingi, fundi hutumia gari la mizigo lililofunikwa, ambamo zana zake hazilowi wala haziibwi. Nchini Uingereza pikapu za milango minne zilinufaika kwa sababu kodi ya mapato ilizihesabu kuwa magari ya mizigo. Hesabu hiyo ilibadilishwa mwezi Aprili 2025, na unafuu huo ukaondoka kwa wanunuzi wapya.

Mambo haya hayako mbali na Afrika ya Mashariki. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha magari upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia, kama vile Thailand, Japani, Australia, Uingereza na Afrika ya Kusini. Kwa sababu hiyo huko ndiko zinakoweza kupata pikapu bila kuhamisha usukani. Lakini Japani, ambayo ndiyo kisima kikuu cha magari yaliyotumika, haikuuza Hilux kwa wananchi wake kwa miaka 13. Anayetafuta gari dogo la abiria la miaka hiyo hulipata Japani kwa urahisi; anayetafuta Hilux ya miaka hiyo hana budi kuitafuta kwingine, akashindane na wanunuzi wengi. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8. Hivyo uamuzi uliofanywa Japani na kanuni iliyoandikwa Nairobi hukutana katika bei anayoulizwa mkulima.

Katika Dar es Salaam, wazee wanakumbuka pikapu za abiria zilizoitwa chai maharage, ambamo watu walikaa kwenye mabenchi wakitazamana kama wateja wa mgahawa. Hazikuundwa kwa kazi hiyo, lakini mahitaji yaliziita. Hilo ni fundisho kwamba wananchi hawaulizi gari lilitengenezwa kwa heshima ya nani. Huuliza litabeba nini, litafika wapi, na spea zake zinapatikana duka gani.

Maswali hayo hayo ndiyo yanayopaswa kuulizwa na watumishi wa umma wanaoandaa majedwali ya kodi na zabuni za magari. Kwanza, ushuru unaowekwa kwa hasira au kwa dharura hapana budi uwekewe mwisho wake siku ile ile unapoandikwa. Ushuru wa kuku haukuwekewa mwisho, na kadiri miaka ilivyopita, viwanda na ajira vilizoea kuishi ndani yake hata ikawa vigumu kuuondoa. Pili, nafuu ya kodi ipewe kwa sharti la kazi au la kiwanda, kama ilivyofanyika Thailand. Nafuu isiyo na sharti ni zawadi kwa mwenye duka. Tatu, gari la umma lipimwe kwa mzigo na barabara, na si kwa cheo cha atakayekaa kiti cha mbele.

Jambo hilo la tatu linahitaji ujasiri kuliko mengine. Pikapu ya milango minne yenye urembo wote na pikapu sahili ya watu wawili zinaweza kuwa na jina moja na injini moja, lakini bei zake hazilingani, na ile sahili ina bodi refu zaidi. Mwaka 2023 Toyota ilianza kuuza Thailand pikapu sahili iitwayo Hilux Champ, yenye bodi tambarare ambalo fundi wa mtaani anaweza kuligeuza apendavyo. Kutokea kwake kunathibitisha kwamba kiwanda husikia pale mnunuzi anaposema kwa uthabiti kwamba anataka chombo cha kazi. Idara inayohitaji kupeleka madawati shuleni na dawa zahanati ikiagiza gari la fahari, kiwanda kitaamini kwamba fahari ndiyo mahitaji ya nchi, na kitazidi kuileta.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Waliona vema kuhusu mtu mwenye jembe moja na shamba lake mwenyewe. Taifa linalonunua kwa fedha ya umma, na linaloandika kodi ambayo kila mnunuzi ataibeba kwa miaka mingi, halina ruhusa ya kutochagua. Likikaa kimya, chaguo litafanywa na kisasi cha zamani cha watu wengine, au na tangazo la biashara, na shule ya kijijini itaendelea kungoja madawati yake.