Alama mgongoni mwa karata
Kutia alama karata kulikuwa hila ya walaghai kabla hakujawa kipaji cha wanamazingaombwe, nami naamini ni jukwaa lililoipa hila hiyo heshima. Girolamo Cardano, daktari na mwanahisabati wa Italia aliyeipenda kamari kupita kiasi, alikwishaonya juu ya karata zenye alama katika karne ya 16. Mwaka 1861 Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe wa Ufaransa, akachapisha kitabu kizima cha kuwaumbua wadanganyifu wa mezani. Kufikia hapo migongo ya karata, ambayo zamani ilikuwa myeupe, ilikuwa ikijaa nakshi, na nakshi ndiyo maficho yenyewe: ua moja hupakwa wino mwepesi wa rangi ileile, jani moja hufutwa, na anayejua huitambua shupaza au kopa kabla haijafunuliwa. Mwanamazingaombwe hutumia ua lilelile, ila mtazamaji amekuja akijua atafanyiwa kiini macho, na mfuko wake hauguswi. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Ukialikwa kucheza kwa fedha, zipitishe karata haraka chini ya kidole gumba, macho yako yakikazia migongo: nakshi safi hutulia, yenye alama hurukaruka. Ikiruka, inuka uondoke.