Bildi na Batli Bado Zina Kazi

Kuna maneno siku hizi katika bandari zetu ndogo, tangu Lamu hadi Vanga, juu ya mitambo ya kupimia kina na mwendo inayotiwa katika vyombo vya tanga. Vijana husema kwamba nahodha asiye na mtambo amepitwa na wakati. Wazee nao husema kuwa mtambo utaua elimu ya bahari. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoweza kuzamisha watu.

Kwanza tukumbuke kwamba kupima maji si jambo geni kwetu. Tangu zamani baharia alisimama omo akatupa bildi, yaani timazi la risasi lililofungwa kamba, akahesabu pima. Pima moja ni mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, kadiri ya futi 6. Na chombo cha kupimia mwendo huitwa batli. Katika merikebu za kale za Waingereza batli ilikuwa kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo. Kilitupwa majini upande wa tezi, yakahesabiwa mafundo yaliyopita mkononi kwa sekunde 28. Ndiyo sababu hata leo mwendo wa chombo huhesabiwa kwa fundo, na fundo moja ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852, kwa saa. Maneno haya mawili, bildi na batli, yamo katika kamusi zetu. Kwa nini basi tuvitafutie vyombo hivi majina ya kigeni, kana kwamba babu zetu hawakupata kuelea?

Hivi karibuni nilikaa na fundi mmoja aliyekuwa akitia mitambo hiyo katika mashua ya futi 24, nikamwuliza maswali mengi. Aliniambia kuwa bildi ya umeme hupeleka sauti chini na kuingoja irudi. Sauti hukata kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde katika maji ya chumvi, kwa hiyo penye kina cha mita 15 hurudi kwa sehemu 2 tu za 100 za sekunde. Lakini sauti hiyo haipenyi vyema katika mbao. Hapana budi kutoboa tundu kwa keekee, kisha kuziba pembeni kwa uangalifu kuliko kalafati ya kawaida, maana tundu hilo liko chini ya maji mchana na usiku. Tena huwekwa mahali ambapo patabaki majini hata mashua ikilala upande wa demani.

Batli ya kisasa ni kigurudumu kidogo kinachozungushwa na maji chini ya chombo. Kikigandwa na viumbe vya baharini au kikinaswa na mwani, huzunguka polepole au husimama kabisa, na namba inayoonekana huwa uongo mtupu. Ni lazima kitolewe na kusafishwa mara kwa mara.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Mitambo hii husema kweli, lakini kila mmoja husema kweli moja tu, na mtu asiyejua ni kweli gani atapotezwa nayo.

Batli hupima mwendo wa chombo juu ya maji, wala si juu ya nchi. Namba ikisema fundo 5, na mkondo wa fundo 2 unakuja usoni, unasogea kwa fundo 3 tu. Anayepanga kufika kabla ya maji kupwa kwa kutazama namba hiyo peke yake atapwelewa njiani.

Bildi ya umeme nayo hueleza kina cha pale ulipo, si cha pale unapokwenda. Kwa fundo 5 mashua hukata kama mita 2 na nusu kila sekunde. Miamba yetu ya matumbawe aghalabu huinuka ghafla kama ukuta. Namba inaposhuka kutoka 6 hadi 2, mwamba umekwisha kuwa chini ya mkuku. Tena mtambo ukifungwa nusu mita juu ya ncha ya mkuku, na fundi asiurekebishe, utasema kuna nusu mita ya maji ilhali mkuku unakwaruza.

Na wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Aendaye magofu ya Takwa kisiwani Manda anajua kwamba njia iliyojaa tele alipoingia yaweza kuwa tope atakapotaka kutoka. Mtambo hautamwambia hayo. Atakayemwambia ni mwezi, saa, na mzee aliyepita hapo mara elfu.

Wazee wanaoogopa mtambo nawakumbusha Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15. Alitumia dira, na dira ni mtambo. Elimu yake aliiandika, nyingi kwa mashairi, ili ishikike vichwani. Hakuona haya kutumia chombo, wala hakuruhusu chombo kimsahaulishe nyota. Sisi elimu yetu ya vipwa na milango ya bahari tumeiacha midomoni mwa watu wachache, na kila mwaka tunazika baadhi yao.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na mtambo ni nyenzo kama nyingine. Atakaye kuutia na autie. Lakini bildi ya risasi isitupwe, maana betri huisha, na namba haisemi kama chini ni mchanga, tope au mwamba. Kijana afundishwe kutupa bildi kando ya namba, alinganishe, ajue lini mtambo unamdanganya. Nao wenye elimu waulizwe sasa, yaandikwe wasemayo, kwa nathari au kwa shairi. Abiria anayepanda mashua na watoto wake haulizi kuna mtambo gani ndani. Anachotaka ni nahodha anayejua maji yaliyo mbele yake.